Warhammer 40,000 toleo la kumi: vifaru vimepona, pointi zimeharibika

Toleo la kumi la Warhammer 40,000, mchezo wa vita wa mezani wa vijisanamu na dadu, lilipotoka Juni 2023, macho ya wengi yalikuwa kwenye sanduku la Leviathan na vijisanamu vyake 72, yaani Space Marines (askari wa deraya nzito) 25 na Tyranids (viumbe walaji kutoka angani) 47. Sanduku zuri, sawa. Lakini kwa mtu mwenye jeshi lake kabatini tayari, jambo zito lilikuwa namba mbili tu: uimara wa magari, na bei ya kikosi kwa pointi, yaani bajeti ya kupanga jeshi. Ya kwanza wameipatia kwelikweli. Ya pili wameiboronga.

Tuanze na magari. Katika toleo la tisa, uimara wa karibu kila gari uliishia 8. Land Raider, kifaru kizito cha Space Marines, kilikuwa na 8, na meltagun, bunduki ya kuyeyusha ya mkononi yenye nguvu 8, ilikijeruhi dadu ikitoa 4 na kuendelea. Katika toleo la kumi uimara wa Land Raider ni 12, nguvu ya meltagun ni 9, kwa hiyo unahitaji 5 au 6. Lascannon, mzinga wa leza, imepandishwa hadi 12, kwa hiyo inajeruhi kwa 4.

Piga hesabu ya risasi moja ya lascannon. Mpigaji anayelenga kwa 3 hupata mara mbili kati ya tatu, hujeruhi nusu ya hizo, na deraya inayookoa kwa 2 na kuendelea ikishadhoofishwa na kupenya kwa 3 huokoa kwa 5 na kuendelea tu, kwa hiyo theluthi mbili zinapita. Jumla ni 2 kati ya 9. Madhara ni dadu moja jumlisha 1, wastani 4.5. Zidisha: jeraha 1 kamili kwa kila risasi, na Land Raider hufa ikifikisha majeraha 16. Risasi kumi na sita, basi! Kikijificha mahali penye kinga, deraya inakuwa 4 na wastani unashuka hadi 0.75. Meltagun nayo hufikia jeraha moja kwa risasi ikiwa ndani ya inchi 6 tu, ambapo inaongezewa madhara 2. Nje ya hapo ni kama 0.65. Ndiyo maana anayepanga jeshi kwa mazoea ya zamani, meltagun mbili hapa na mbili pale, anashangaa kifaru kinafika katikati ya meza bila kukwaruzwa. Naliona ni jambo jema. Kifaru kiogopwe.

Awamu zimepungua kutoka 7 hadi 5: ya nguvu za akili imeondoka, ya kupima ari nayo imeondoka. Siilii hata moja. Kipimo kipya cha kiwewe ni kikali zaidi: kikosi kilichobaki chini ya nusu hurusha dadu mbili mwanzoni mwa zamu ya mwenyewe. Space Marines, wanaohitaji jumla ya 6 au zaidi, hushindwa mara 10 kati ya 36; askari wa kawaida wa Astra Militarum, jeshi la binadamu wa kawaida, wanaohitaji 7, mara 15. Ukishindwa, uwezo wa kushikilia kituo, yaani sehemu ya meza inayoleta alama za ushindi, unakuwa sifuri, na katika misheni nyingi alama za vituo huhesabiwa papo hapo baada ya kipimo hicho. Hupati nafasi ya kurekebisha.

Sasa bei. Katika toleo hili silaha hazina tena bei yake. Kikosi kina bei moja, kwa ukubwa uliopangwa. Devastators, kikosi cha Space Marines cha silaha nzito, wenye heavy bolter (bunduki nzito ya risasi) nne na wenye lascannon nne ni bei ileile. Sajini mwenye upanga wa kawaida analipiwa sawa na mwenye power fist, ngumi ya chuma yenye nguvu zaidi, basi nani atamwachia upanga? Na ukiwa na watu 7 katika kikosi cha 5 au 10, unalipa ya 10. Wanasema ni kurahisisha, lakini kujumlisha tano tano hakujawahi kumshinda mchezaji yeyote. Kilichopotea ni sababu ya kuchagua silaha ndogo.

Dawa ni kushikiza silaha kwa sumaku, ili uzibadilishe upendavyo. Kwa mikono, za milimita 2 kwa 1 zinatosha. Anza na tundu la milimita 1 ili keekee isiteleze, kisha lipanue hadi 2. Tumia super glue. Gundi ya plastiki huyeyusha plastiki tu, chuma haikishiki. Kosa kubwa ni kugeuza upande: bega linasukuma mkono badala ya kuuvuta. Bandika ya kiwiliwili, iache ikauke kabisa, iache ya pili ijinase yenyewe juu yake, tia alama ya wino upande wa nje, na upande huo wenye wino ndio uingie ndani ya tundu la mkono. Viwiliwili vyote vielekee upande mmoja, la sivyo lascannon ya mmoja haitamkaa mwenzake.