Shaba ndani ya akriliki: umeme unapitia wapi?

Kipande cha akriliki (plastiki angavu) kilichopigwa ioni za shaba, yaani atomu za shaba zenye chaji zinazorushwa kwa kasi, hutoka kwenye chemba ya ombwe kikiwa na rangi ya kahawia kama chai ya rangi. Palipobanwa na kibanio hubaki pameng'aa. Ukinzani wa umeme upande wa kahawia umeshuka, na wengi hukimbilia kusema ni shaba inayopitisha umeme.

Wana hoja. Atomu za shaba zikizidi kiasi ambacho polima (minyororo mirefu ya molekuli inayounda plastiki) inaweza kukibeba, hukusanyika na kuwa chembe za nanomita chache. Na kwa kuwa metali imezama ndani, hakuna mpaka wa kubanduka: selotepu inayong'oa utando uliopakwa juu hailing'oi tabaka hili.

Lakini tupige hesabu. Dozi ya ioni 10¹⁶ kwa sentimita ya mraba, ikitandazwa kwenye kina cha nanomita 50, inaipa shaba takriban asilimia 2 tu ya ujazo. Chembe zilizotawanyika hivyo haziwezi kugusana zikafanya njia ya umeme. Kinachotokea kwa hakika ni kwamba kila ioni inakata minyororo ya polima, haidrojeni inatoka kama gesi, na kaboni inayobaki inaungana kwa vifungo maradufu. Kwa dozi ndogo akriliki hukatika na kuyeyuka kwa urahisi zaidi kwenye kiyeyushi; dozi ikipanda, ncha zilizokatika hufungamana, na tabaka linaelekea kuwa mkaa. Mkaa huo unapitisha umeme bila msaada wa shaba.

Dozi ikifika 5×10¹⁶, wastani wa shaba unapanda hadi karibu asilimia 12, katikati ya tabaka ukiwa juu zaidi. Hapo hoja ya shaba inapata nguvu. Ila miale hiyohiyo ya ioni inachonga uso wa polima, kwa hiyo dozi haiongezi metali bila kikomo.

Kwa maoni yangu, matokeo yasiyo na sampuli linganishi iliyopigwa ioni za argoni (gesi isiyoacha metali), nishati ikiwa imerekebishwa ili kina kiwe sawa, hayathibitishi lolote kuhusu shaba.

Joto nalo hudanganya. Kwa volteji ya kurushia ioni ya kilovolti 30 na ioni zenye chaji mbili, mkondo wa microampea 1 kwa sentimita ya mraba inahitaji kama dakika 53 kufikisha 10¹⁶. Mwenye haraka hupandisha mkondo hadi microampea 4, yaani miliwati 120 kwa kila sentimita ya mraba. Kama kipande hakikugandamizwa vizuri kwenye bamba la metali, kinaweza kufika nyuzi 105, akriliki inapolainika, na hapo huwezi tena kutenganisha kazi ya ioni na kazi ya moto.

Andika pia saa ya kupima. Ncha zilizokatika bado zina njaa ya oksijeni. Chemba ikifunguliwa tu zinaanza kuungana nayo, na ukinzani wa leo unaweza usiwe wa wiki ijayo.