Uzoefu wa Kazi Ndio Mhimili wa Shahada ya Watendaji

Msimu wa udahili ukifika, matangazo ya shahada za uzamili hujaa magazetini na katika simu zetu hapa Kampala, na miongoni mwake siku hizi limo la shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara kwa watendaji, inayofahamika zaidi kwa kifupi chake cha EMBA. Matangazo hayo husifu mambo mawili: kwamba masomo hufanyika mwishoni mwa wiki, na kwamba mtu hatalazimika kuacha kazi. Yote mawili ni kweli, lakini naona hayagusi kiini cha jambo. Kinachoitofautisha shahada hii na MBA ya kawaida ni aina ya watu wanaoruhusiwa kuingia darasani, na chuo kinacholegeza sharti hilo kinauza kitu kingine kwa jina lile lile.

Historia inaiunga mkono hoja hii. MBA yenyewe ilianzia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1908. Chuo Kikuu cha Chicago kilipoanzisha programu ya watendaji mwaka 1943, kiliwalenga watu waliokwisha kushika madaraka, ambao waajiri wao wasingekubali kuwapoteza kwa miaka miwili ili wakae chuoni. Ratiba ilipangwa kufuata hali ya wanafunzi wale. Sisi nasi hatukuanza jana kuwafundisha watu walio kazini: Taasisi ya Usimamizi ya Uganda, UMI, ilianzishwa mwaka 1969 ikiwa chuo cha utawala wa umma, na shabaha yake ilikuwa kuwanoa watumishi wa serikali.

Kwa muundo, programu nyingi za EMBA huchukua kati ya miezi 18 na miaka miwili. Zipo zinazokutana Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa, na zipo zinazofundisha kwa moduli, yaani siku kadhaa mfululizo za masomo kisha wiki nyingi za kazi na usomaji, mtindo unaowafaa zaidi wale wanaosafiri kutoka Gulu, Arua au Mbarara. Masomo ya mwanzo huwa ya msingi: uhasibu, uchumi, masoko, takwimu za kufanyia uamuzi, usimamizi wa watu na wa uzalishaji. Baadaye huja mkakati, fedha za kampuni, uongozi na maadili, kisha kazi ya mwisho ya utafiti au mradi. Masomo ya kuchagua huwa machache kuliko katika MBA ya kawaida, kwa sababu kundi lililoanza pamoja husonga pamoja hadi mwisho, na sehemu kubwa ya elimu hutoka kwa wenzako uliokaa nao meza moja.

Masharti ya kuingia nayo hayatofautiani sana: shahada ya kwanza, au stashahada ya uzamili kwa yule ambaye daraja lake lilikuwa la chini, barua za watu wanaomfahamu mwombaji kikazi, barua ya mwajiri, na usaili. Baadhi ya vyuo vya nje hutaka mtihani wa GMAT, unaotumika kuwapima waombaji wa shahada za biashara, au ule mfupi zaidi uliotungwa mwaka 2016 kwa ajili ya watendaji, ingawa vingi humsamehe mwenye uzoefu mrefu, na mimi sioni hasara. Sharti zito ni la kazi. AMBA, chama cha kimataifa chenye makao London kinachotoa ithibati kwa programu za MBA, hutaka hata mwanafunzi wa MBA ya kawaida awe amefanya kazi angalau miaka mitatu, kwa hiyo shahada ya watendaji haina budi kudai zaidi. Na isihesabu miaka mitupu. Aliyekaa miaka kumi akigonga mihuri dirisha lile lile hajafikishwa mahali pa kuamua, ilhali aliyeongoza tawi la SACCO kwa miaka sita, akakataa mikopo ya jamaa zake na akajibu maswali ya wanachama kwenye mkutano mkuu, anakuja na maswali ambayo kitabu hakiyajui.

Nitatoa mfano wa darasa nililowahi kukaa, siku ya somo la mtaji wa kuendeshea shughuli. Kitabuni ni fomula ya mstari mmoja ya kupata siku ambazo fedha yako imefungwa katika biashara: siku ambazo bidhaa hukaa ghalani, ongeza siku za kuwadai wateja, toa siku ambazo wewe mwenyewe unadaiwa. Mama mmoja anayesimamia kinu cha kukoboa kahawa upande wa Masaka akaomba kuieleza kwa biashara yake. Mkulima huleta kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa na maganda yake, na hutaka fedha taslimu papo hapo, kwa hiyo siku za kudaiwa ni sifuri. Kiboko kikiwa na unyevu hurudishwa juani kwenye maturubai, na mvua ikinyesha zoezi huanza upya. Baada ya kukobolewa, kahawa hupakiwa lori hadi Kampala kwa msafirishaji, yaani mnunuzi anayeiuza nje ya nchi, ambaye hupima unyevu na uchafu, hukata uzito, ndipo hulipa. Muda wote huo riba ya benki inatembea.

Mwanafunzi mwenzake, ofisa mikopo, akamuuliza kwa nini asiombe msafirishaji amtangulizie fedha. Mama akajibu kwamba fedha ya kutanguliziwa huja na bei iliyofungwa, na bei ya soko ikipanda wiki ya pili, mkulima hupeleka kiboko chake kwa jirani huku wewe bado una deni la magunia. Mhadhiri aliziandika siku zile ubaoni hatua kwa hatua, akaliachia darasa litafute mahali pa kupunguza. Saa nzima ilikwenda hapo. Ofisa mikopo alitoka amejifunza kwa nini wateja wake wa kahawa huchelewesha marejesho ya mkopo, na mama alitoka na njia ya kuieleza benki mahitaji yake kwa tarakimu. Darasa la watu ambao hawajawahi kulipa mshahara wa mtu yeyote lisingeweza kuwapa hayo, hata mhadhiri awe hodari namna gani.

Ndiyo maana huniuma kuona waombaji waliohitimu shahada ya kwanza juzi wakipokewa ili viti vijae na ada iingie. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2001, huidhinisha programu pamoja na masharti yake, na mwombaji anapaswa kuhakikisha kwamba programu anayoilipia imeidhinishwa na ithibati yake haijaisha muda. Lakini baraza haliwezi kukaa katika kila chumba cha usaili. Uaminifu wa sharti umo mikononi mwa chuo chenyewe, na anayedhulumiwa kwanza linapolegezwa ni yule mtendaji aliyelipa mamilioni ya shilingi ili akae na watu wa kiwango chake.

Kuhusu kazi ya mwisho, nina maoni ambayo najua wahadhiri kadhaa hawayapendi. Tasnifu ya sura tano, yenye mapitio marefu ya maandiko na dodoso zilizosambazwa kwa watu wasio na muda wa kuzijaza, haimfai mtendaji. Nimewaona watu wenye uwezo wakimaliza masomo yote ya darasani kisha wakakwama hapo, wakibadilishiwa wasimamizi, hadi wakakata tamaa. Mradi unaotatua tatizo halisi la mahali pa kazi ungefaa zaidi, ilimradi usiwe mwepesi: uwe na data zilizokusanywa vizuri, hesabu zinazoweza kukaguliwa, na utetezi mbele ya jopo lenye angalau mtu mmoja kutoka katika tasnia hiyo. Wanaohofia kwamba ubora utashuka wana haki ya kuuliza, na jibu langu ni kwamba ubora hulindwa na ukali wa jopo, ambalo linaweza kuukataa mradi dhaifu kama linavyoikataa tasnifu dhaifu.

Limebaki suala la mwajiri. Barua yake huhesabiwa kama karatasi ya kukamilisha faili, huandikwa kwa mistari miwili ya heri njema, kisha Ijumaa ya kwanza ya moduli mfanyakazi huitwa kwenye kikao cha dharura. Hata mwajiri asiyechangia ada ana jambo la kuahidi. Ningetaka barua hiyo itaje siku ambazo mfanyakazi ataachiwa, nani atashika kazi zake siku hizo, na takwimu gani za kampuni anaruhusiwa kuzitumia katika mradi wake. Na ofisi ya udahili iirudishe barua yoyote isiyotaja hayo kabla ya kupokea shilingi moja ya ada.