Harrier ina Plagi Sita, Tatu ni za Kusikia tu

Aisee, tuulizane kwa upole tu. Huyu Mjapani aliyechora injini ya Toyota Harrier ya V6, yaani ya silinda sita, ile 1MZ ya cc 2,995, alikuwa na ugomvi na nani? Plagi tatu kaziweka mbele, ukifungua boneti zinakusalimia, hata mtoto wa darasa la tano anazitoa. Tatu zilizobaki kazificha nyuma, kati ya injini na fayawoli, ule ukuta unaotenganisha injini na abiria, halafu juu yake kalaza manifoldi ya hewa, mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, kama godoro, na juu ya godoro kaning'iniza fremu ya waipa. Kuziona unahitaji tochi, kioo cha saluni na shingo ya twiga wa Momela.

Ndiyo maana Harrier nyingi zinazozunguka Arusha na Moshi zina plagi mpya sita kwenye hesabu ya fundi na tatu kwenye injini. Hela ya sita imelipwa. Za mbele zimebadilishwa, boneti imefungwa, resi imepigwa mara mbili: "Sikiliza mwenyewe, mkuu. Imetulia." Imetulia hapo ilipoegeshwa! Ipeleke Himo, kata kushoto uanze kupanda Marangu, ndipo utasikia inavyokohoa kama babu aliyenyimwa blanketi mwezi wa saba.

Na haikohoi kwa bahati mbaya. Ukikanyaga mafuta mlimani, hewa inayoingia kwenye silinda inakuwa nyingi na presha inapanda, kwa hiyo cheche inahitaji umeme mkali zaidi kuruka. Plagi mpya ina mwanya wa milimita 1.1. Iliyochakaa mwanya umeliwa ukapanuka, na umeme ukishindwa kuruka hapo unatafuta njia ya mkato, unatobokea kwenye mpira uliopasuka wa koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme. Ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, gari tulivu; mzigoni inamisi, silinda inakosa kuwaka. Wewe unaambiwa ni mafuta machafu, unabadilisha sheli. Unabadilisha tena. Plagi za nyuma zimekaa tu kule zinakusikiliza.

Wakati huo petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega, yale ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, na kuyachemsha mpaka yayeyuke. Kama bado unayo masega, lakini. Wengine wetu yalishaondoka zamani na hatukuagwa.

Basi linaletwa lile suala la mashine. Mashine ya kusomea makosa ya injini ikisoma P0303, namba ya kosa la silinda inayomisi, tarakimu ya mwisho ndiyo silinda. Kwenye injini hii namba witiri, 1, 3 na 5, zote ziko nyuma. Shufwa, 2, 4 na 6, ziko mbele. Sasa mtu kasoma P0303 kwa macho yake mawili, halafu mkono umekwenda mbele. Muulize kwa heshima: "Fundi, huko unamtafuta nani?" Kama ni VVT-i, ile injini inayobadili muda wa kufungua valvu, kila plagi ina koili yake, hamisha koili ya 3 uiweke kwenye 2, na ya 2 iende 3. Kosa likihamia P0302, koili ndiyo mbovu. Likibaki P0303, rudi kwenye plagi.

Dukani nako kuna vituko vyake. Injini hii ilikuja na plagi za ncha ya platinamu au iridiamu, za kukaa kama kilomita 100,000, na ukijua ziko wapi utaelewa kwa nini. Muuzaji anakutolea za kawaida: "Hizi hizi tu, zinaingia." Zinaingia, ndiyo, hata ndizi inaingia! Lakini za kawaida zinachoka kwenye kilomita 20,000 au 30,000, na kila zikichoka ni kurudi tena chini ya godoro. Bei unayookoa kaunta unailipa kwa ngozi ya viganja. Tafuta SK20R11 ya Denso au IFR6A11 ya NGK. Hiyo 11 mwishoni ndiyo mwanya wa milimita 1.1. Feki nazo zimejaa. Jaribu kuvua ile washa, kile kiringi cha chuma cha kwenye nyuzi: ya kweli haitoki kirahisi, ya feki inachomoka kama pete ya mwali aliyekonda. Kama maandishi yanafutika kwa kidole, au ncha ya katikati imekaa upande, rudisha. Na msiguse ncha ya iridiamu kwa bisibisi eti mnaseti mwanya. Ni nyembamba, inavunjika. Ikianguka kwenye sakafu ya zege, hiyo umeshaizika. Kauri inapata ufa usioonekana.

Vifaa: boksi ya kufungulia plagi ya milimita 16, siyo ile 21 ya kwenye magari ya babu, na iwe na mpira au sumaku ndani ya kushika plagi. Racheti, ekstensheni fupi mbili za nchi 3 na 6, jointi ya kukunja, boksi ya namba 10 kwa boliti za koili. Na injini ipoe. Hapa ndipo watu wa haraka wanapoharibikiwa. Kichwa cha silinda ni aluminiamu; plagi iliyokaa miaka, ukiing'oa injini ikiwa ya moto, inaweza kutoka na nyuzi zake. Iache ilale. Asubuhi ya Arusha mwezi wa sita injini imepoa kuliko hata chai uliyosahau mezani.

Chomoa waya wa hasi wa betri. Tenganisha soketi za koili taratibu, maana plastiki ya miaka 20 iliyokaa juu ya moto inakatika ukiitazama vibaya. Nyuma huoni kitu, unapapasa, kama unatafuta shilingi iliyoanguka nyuma ya kabati la mama mkwe. Kabla ya kulegeza plagi yoyote, piga upepo wa kompresa kwenye kila shimo. Vumbi letu lote la barabara limelala mle chini, na plagi ikitoka linadondoka ndani ya silinda. Ukikuta shimo limejaa oili, usishangae na usifute tu ukanyamaza: mpira wa kava ya valvu umechoka. Badilisha gasketi ya kava na mipira yake leo leo, la sivyo koili mpya itaoga oili.

Mwenye mkono mwembamba na subira anaweza kuzifikia za nyuma bila kufungua manifoldi, kwa kuunganisha boksi, ekstensheni na jointi vipande vipande ndani ya shimo. Ukiona fundi anavimba mishipa ya shingo, mwambie aache, afungue waipa na fremu yake kwanza. Nafasi inaongezeka sana. Ikishindikana kabisa, manifoldi ishuke. Hapo andaa gasketi mpya na piga picha mipira yote ya upepo kabla ya kuigusa. Mipira ya maji inayopita kwenye throto, ule mlango wa hewa ya injini, nayo inafunguka, kwa hiyo punguza maji ya rejeta kwanza. Na matundu ya hewa yaliyobaki wazi yazibwe kwa kitambaa safi dakika hiyo hiyo. Nati ikitumbukia mle, habari ya plagi imekwisha. Mnaanza habari ya injini.

Kurudisha ndiko kunakotenganisha fundi na mbabe. Usiwahi kuanzisha plagi kwa racheti! Chukua mpira wa petroli wa kama sentimita 30, chomeka juu ya plagi, ishushe shimoni na zungusha mpira kwa vidole viwili. Nyuzi zikikosana, mpira unateleza wenyewe. Racheti haitelezi, racheti inakata nyuzi mpya kwenye aluminiamu yako huku wewe unasema "inaingia ingia." Ikikaa, kaza kwa spana ya kipimo, Nm 18. Huna? Ikigusa chini kwa vidole, ongeza nusu mzunguko mpaka theluthi mbili, basi, ile washa mpya imeshabonyea. Plagi ya zamani unayoirudisha inataka kidogo mno, kama moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Grisi kwenye nyuzi usipake. Zinakuja na mpako wake, na grisi inakufanya ukaze kupita kiasi bila kujua. Grisi ya silikoni kidogo kwenye mdomo wa mpira wa koili, hiyo sawa.

Sasa dai plagi zako za zamani. Sita. Usikubali kuambiwa zimetupwa. Zipange kwenye gazeti kwa mpangilio wa silinda. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi ya masizi makavu, angalia chujio la hewa na sindano za mafuta. Nyeusi yenye oili, ringi za pistoni au sili za valvu zinaomba kikao. Nyeupe yenye malengelenge, inaungua moto kupita kiasi. Ule mstari wa kahawia kwenye kauri nyeupe, juu ya chuma, hauna ubaya wowote, ingawa kuna fundi atakayekuuzia injini kwa sababu yake.

Na kama tatu kati ya hizo sita zimepigwa chapa tofauti, kutu yake tofauti, ncha zimeliwa mpaka zimekuwa butu kama penseli ya mwisho wa muhula, basi zisalimie kwa adabu, shikamoo. Huenda hazijaguswa tangu bandari ya Yokohama.

Kabla ya kuwasha, hesabu vifaa vyako. Racheti ipo, jointi ipo, ekstensheni ya nchi 6 ipo. Ya nchi 3 je? Usihangaike chini ya gari. Iko kule nyuma, kwenye shimo la namba 5.