Mafuriko ya Sabaki Hupiga Hodi Mapema

Mto Sabaki ukifurika, viongozi hushuka huku kwetu Magarini, kaunti ya Kilifi, na mabuti ya mpira, wakagawa unga na maharagwe, wakatwambia ni mapenzi ya Mungu. Hapo sina la kubisha. Ninapobisha ni wanapodai maji yamekuja ghafla. Mto uliosafiri karibu kilomita 400 haumfikii mtu ghafla, labda awe hakuambiwa.

Hebu tuufuate. Unaanzia huko Ngong na Nairobi ukiitwa Athi, unapokea mito ya Nairobi, Ruiru na Ndarugu, unapita Ukambani kote. Ndani ya Tsavo unakutana na mto Tsavo, hapo unageuka Galana, na ukifika kwetu ni Sabaki, unaoingia baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi, upande wa kwenda Mambrui. Kwa hiyo mvua inayong'oa mahindi ya mtu hapa huenda haikunyesha hapa kabisa. Jua linawaka, watu wanaanika nguo, na mto unapanda. Aprili 2024 sote tuliketi mbele ya televisheni tukiwaonea huruma watu wa Mathare waliosombwa na maji. Maji yale yalikuwa yanakwenda wapi? Kutoka Mathare huingia mto Nairobi, kutoka hapo Athi, na Athi hauna pengine pa kumwaga ila huku kwetu. Safari hiyo huchukua siku, si saa.

Hata mvua yenyewe siku hizi haitufichi nia yake. Maji ya bahari upande wetu wa Afrika yakipata joto kuliko yale ya upande wa Indonesia, vuli huwa kali. Ilikuwa hivyo 1961, ikawa 1997 mwaka wa El Niño ambayo wazee bado wanaihesabia umri wa watoto, ikawa 2019 na tena 2023. Wataalamu huiona hali hiyo ikijijenga baharini wiki nyingi kabla. Tatizo ni kwamba habari ikitoka kwa wataalamu hupitia midomo mingi. Oktoba 2023 Rais Ruto aliwaambia Wakenya kuwa ile El Niño iliyotangazwa haitakuja, ni mvua kubwa tu. Kabla mwaka haujaisha watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa nchini, na barabara ya Lamu imekatika kule Gamba, magari yamepanga foleni na abiria wamelala njiani. Ule ni mto Tana, najua, lakini anayepanda basi la Lamu kutoka Malindi hana haja ya kuambiwa tofauti.

Halafu kuna udongo. Mgeni akifika ufukwe wa Malindi wakati wa masika huuliza mbona bahari ni ya rangi ya chai ya maziwa. Hayo ni mashamba ya watu wa bara. Ndani ya hifadhi yetu ya baharini kuna tumbawe lenye umri wa miaka 300 hivi, na wanasayansi walipolichunguza walikuta limehifadhi alama za udongo wa Sabaki mwaka hadi mwaka: kidogo kwa muda mrefu, kisha ukaanza kuongezeka mwanzoni mwa karne ya 20, wakati kilimo cha kikoloni kilipovamia nyanda za juu. Udongo huo hauishii baharini wote. Mwingine hutua njiani na kujaza mkondo, mto ukawa mpana na wa kina kifupi, na mto wa kina kifupi hauhitaji maji mengi ili upande ukingo. Na tusiwasukumie watu wa bara lawama zote. Misitu ya Dakacha inachomwa makaa na sisi wenyewe, hapa hapa Magarini. Kule Marafa, penye korongo lililochimbwa na mvua, tumefika mahali pa kuwatoza watalii kiingilio waje watazame mmomonyoko wa udongo, na kwa kweli ni mzuri sana jua likitua, lakini ni mmomonyoko.

Ongeza bamvua. Mafuriko yakifika mdomoni mwa mto siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, bahari imejaa kweli kweli na maji ya mto hayana pa kutokea mpaka bahari ipwe. Mvuvi yeyote wa Mambrui anaweza kukuonyesha siku hizo kwenye kalenda. Sijawahi kusikia akiulizwa.

Basi tufanyeje? Jibu la haraka ni kuwafukuza watu kando ya mto. Kanuni zetu zinataja ukingo wa mita 6 hadi 30. Kwa Sabaki hizo mita 30 ni mzaha, kwa sababu bonde lake likifurika hupimwa kwa mamia. Na watu hawakwenda pale kwa ukaidi. Udongo ule ule unaoletwa na mafuriko ndio unaootesha migomba, bamia na nyanya tunazonunua sokoni. Mama mmoja ninayenunua mchicha kwake ng'ambo ya daraja aliniambia, "Mwanangu, mie sitaki kuhamishwa. Nipe siku mbili tu. Nitoe pampu, nivune kilichokomaa, mbuzi niwapandishe juu." Pampu ile ya petroli ameinunua kwa mkopo wa chama, na maji yakiichukua, deni linabaki. Viboko nao maji yakijaa hawakai mtoni, hupanda mashambani, kwa hiyo kukimbia usiku ni hatari juu ya hatari.

Wapo wanaongoja bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa 2018 pale Thwake inapoingia Athi. Ni kubwa: limekusudiwa kubeba mita za ujazo milioni 688. Litasaidia, sikatai. Lakini bwawa likijaa hufunguliwa, na watu wa Garsen wanaoishi chini ya mabwawa ya Masinga na Kiambere kwenye mto Tana wanaijua habari hiyo vizuri. Bwawa bila simu ya kuwaonya walio chini ni balaa jipya. Mimi ningependa zaidi matuta ya Machakos na mabwawa ya mchanga ya Makueni na Kitui, zile kuta ndogo mtoni zinazorundika mchanga wenye maji nyuma yake, yaongezwe, maana yanazuia maji na udongo mahali vilipoanzia, na mwenye shamba anafaidi papo hapo.

Mafuriko ya mjini ni kesi nyingine, na hiyo nitaisema kwa ufupi kwa sababu inaniudhi. Huko hakuna Athi wala Ngong. Kuna mtaro mmoja karibu na ninapoishi ambao mwenye duka aliuwekea zege ili tuktuk zipate kuegesha. Chini ya zege kumejaa mchanga na chupa za plastiki, na mvua ya nusu saa inaingia vyumbani kwa majirani. Kibali kilitoka, mhuri upo. Hilo halihitaji mtaalamu wa hali ya hewa, linahitaji sururu.

Lakini kwa Sabaki, kitu cha kwanza si pesa nyingi. Vipimo vya maji mtoni vinaweza kusomwa huko juu, na redio zetu za Pwani zina wasikilizaji kila kijiji. Misikiti ina vipaza sauti. Masika ijayo itaanza Machi au Aprili. Kuna muda wa kuandika namba za simu za wazee wa vijiji vyote vya kando ya mto, na kumkabidhi mtu mmoja wa kaunti, anayelipwa mshahara na anayejulikana kwa jina, kazi ya kuzipiga.