Benchi la Denver na jina nililopewa na konda

Juzi kijiweni Mbagala, jamaa mmoja shabiki wa Lakers, timu ya kikapu ya NBA kule Marekani (Lakers ya kurithi kwa kaka yake, kama watu wanavyorithi Simba) aliitazama fulana yangu ya namba 15, ya Nikola Jokić wa Denver Nuggets, akapuliza kahawa yake, akasema, "Hawa si ndio walipigwa kwa tofauti ya pointi thelathini na mbili?" Watu wakacheka. Nimekuja kumjibu hapa, kule walikuwa wengi.

Ndiyo, tulipigwa. 125 kwa 93, mechi ya saba na ya mwisho ya mfululizo wa raundi ya pili, Mei 18, 2025, na Oklahoma City ambao baadaye walibeba kombe. Aaron Gordon wetu alicheza nyama ya paja imechanika. Sisemi hivyo kama kisingizio. Haya, nasema kama kisingizio.

Ila mechi ya kwanza ya mfululizo ule mbona haulizi? Ilianza alfajiri, mimi na simu chini ya shuka. Robo ya nne ikanikutia ndani ya daladala ya Kariakoo, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine umeshika simu. Tulipofika Uhasibu zimebaki sekunde hazifiki tatu, Westbrook wetu akampasia Gordon, Gordon akatupia ya pointi tatu, ikaingia. 121 kwa 119! Nikapiga ukelele. Konda akadhani nimepitishwa kituo, akagonga bodi, "Shusha!", dereva akafunga breki, mama mwenye ndoo ya samaki akanisema mpaka Bendera Tatu. Sijutii.

Sasa tuongee benchi, yaani wachezaji wa akiba, maana shida ya Denver haijawahi kuwa Jokić. Msimu wa 2024/25 wastani wake kwa mechi ulikuwa pointi 29.6, rebaundi (mipira iliyokosa kikapu akaidaka) 12.7, asisti (pasi za kufungia) 10.2. Hakuna senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, aliyewahi kufanya hivyo. Na kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, alichaguliwa wa 41 mwaka 2014. Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa 2 mwaka 2009, mbele ya Harden na Curry, nikatamba mtaa mzima. Tangu hapo habari za nani kachaguliwa wa ngapi hazinishtui.

Jokić anacheza kama dakika 37. Mechi ina 48. Hizo 11 ndizo zimetumaliza. Akikaa tu na kujitupia taulo begani, unakwenda kuchemsha chai, ukirudi uongozi wa pointi 12 umebaki 3. Mwaka 2023 tulibeba kombe kwa sababu Bruce Brown alikuwa anatoka benchi anakimbiza watu kama mgambo na wamachinga. Halafu mabosi wakamwacha aende Indiana. Jeff Green akaenda Houston. Mwaka uliofuata Caldwell-Pope naye huyo, Orlando. Sisi tukaambiwa vijana watakua. Watakua lini, wakati Jokić ameshatimiza miaka 30? Tunapanda miembe?

Safari hii, kwa msimu wa 2025/26, angalau mtu ametumia akili. Brown karudi. Hardaway Jr. kaja kutupia za pointi tatu. Valančiūnas, mtu mzima, senta kamili, kaja kumpumzisha Jokić. Alitaka kwenda zake Ugiriki, Denver wakakataa kumwachia. Kwa mara ya kwanza naona mabosi wetu wanang'ang'ania kitu cha maana. Porter Jr. kaenda Brooklyn, kaja Cameron Johnson. Kuna siku nitamkumbuka Porter. Kuna siku nilikuwa naomba simu izime chaji.

Oklahoma ni wazuri, nakubali kwa shingo upande. Wanakaba kama wanadai, na nyota wao Shai ni Shai. Lakini sisi na benchi letu bovu tuliwafikisha mechi ya saba, Indiana nao wakawafikisha kwenye fainali. Houston nao wamemchukua nyota Kevin Durant, sawa.

Kwa hiyo msimamo wangu huu: Valančiūnas na wenzake wakizimudu zile dakika 11, si kushinda, kutopoteza tu, Juni 2026 kombe liko Denver. Wasipozimudu, tutatolewa tena raundi ya pili na nitanyamaza.

Na jamaa wa Lakers tumewekeana sahani ya pilau. Konda naye hajasahau. Nikipanda tu ananiuliza, "Shusha, ligi inaanza lini?"