Ukungu wa Tukuyu ukiufuta kwa slaida (kile kitufe cha kuvuta kwenye programu ya kuediti picha), umerekebisha mwanga au umefuta kitu?

Likitangazwa shindano la picha huku nyanda za juu ugomvi wa wapiga picha ni uleule, kuediti mwisho wapi. Kuna wanaosema picha itoke kwenye kamera ilivyo usiguse chochote, na kuna wanaosema kamera haioni kama jicho kwahiyo lazima uisaidie. Mi hao wa kwanza siwaelewi kabisa, hata enzi za filamu watu walijifungia chumba cha giza wanapunguza mwanga huku wanaongeza kule, na simu yako sahivi ukibonya tu ishaediti kabla hujaiona.

Yasiyo na ubishi niyapitie fasta: kukropu (kukata kingo za picha), kunyoosha picha iliyolala, kufuta doa la vumbi lililokaa kwenye sensa ya kamera (la sensa jamani, sio nguzo ya umeme), kuongeza mwanga kidogo, kuigeuza nyeusi na nyeupe. Hata World Press Photo, shindano la kimataifa la picha za habari ambao hawana mchezo, wanaruhusu. Wanachokataa ni kuongeza kitu au kuondoa kilichokuwepo.

Sasa angalia kesi ya 2010. Mpiga picha Stepan Rudik alinyang'anywa zawadi na hao hao World Press Photo kwa picha ya mkono unafungwa bendeji, mambo ya mapigano ya mtaani huko Kiev, Ukraine. Kosa ni kwamba alifuta kipande cha mguu wa mtu aliyetokea nyuma. Lakini picha yenyewe ya mwanzo ilikuwa ya rangi tena pana, yeye akaikropu akabaki na kipande, akaigeuza nyeusi na nyeupe, akaipiga giza pembeni, na yote hayo yakapita! Wanaopinga hizi sheria hapo ndo wanapocheka, yani umetupa watu wazima wazima nje ya fremu kwa kukropu sawa tu, ukigusa kiatu umekwisha.

Wanachekesha ila mi nasimama na majaji. Kila anayetazama picha anajua fremu ina mwisho na nje yake kuna vitu vingine, anachoamini ni kilichomo ndani. Ukianza kufuta ndani hana pa kushika.

Ila sheria ya "rekebisha mwanga usiguse vitu" ina sehemu inavuja, na sisi huku tunaijua vizuri. Umeenda Tukuyu asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, Mlima Rungwe unauhisi tu kama kivuli cha kijivu. Ukirudi nyumbani unavuta slaida ya kuondoa ukungu, mlima unatokea, migomba inakolea kijani, kama vile ilikuwa saa tisa mchana ya kiangazi. Hujafuta pikseli hata moja kwa brashi, umegusa kontrasti tu, lakini hali ya hewa uliyoikuta haipo tena. Ukungu kule ni kitu bwana, muulize dereva wa Kyela.

Na majaji wameshaliona hili. World Press Photo 2015 waliondoa karibu picha 1 kati ya 5 zilizofika raundi ya kabla ya mwisho, na baadhi sababu ni kutia giza mpaka vitu vikapotea. Kwahiyo slaida nayo inafuta, taratibu tu.

Upande wa mandhari watu wanadai wapewe uhuru zaidi, na wana haki kiasi, maua ya Kitulo hayatoi ushahidi mahakamani. Ila hata huko kuna mpaka, 2012 Uingereza mpiga picha David Byrne alivuliwa ushindi wa Landscape Photographer of the Year kwasababu aliongeza mawingu. Kama unataka mawingu ya kubandika ingia kipengele cha ubunifu, huko ruksa.

Mi ningeandaa shindano Mbeya au Iringa ningeomba kila aliyefika fainali alete faili la mwanzo kama lilivyotoka kwenye kamera, majaji waweke mbili pembeni kwa pembeni. Watasema unawaonea wa simu. Hapana, wa simu alete JPEG ya kwanza kutoka kwenye galari kabla ya filta, simu ilichofanya yenyewe tusamehe, tutakachopima ni vidole vyake. Na hayo yaandikwe kwenye tangazo siku ya kwanza, sio mtu ameshashinda ndo aambiwe slaida yake ilizidi.