Land Rover 109 iliyofufuliwa: irudishiwe injini yake au iuzwe ilivyo?

Mzee mmoja ninayemfahamu hapa Arusha ana Land Rover 109 (ile ndefu, inchi 109 kati ya ekseli na ekseli) ya mwaka 1974, Series III, yaani toleo la tatu, aliyoihangaikia kwa miaka mitatu. Bodi imenyooshwa, rangi imepigwa upya, springi zimebadilishwa, taa zote zinawaka. Sasa anaiuza. Wateja wawili wameshakuja, na ungedhani wameonyeshwa magari mawili. Wa kwanza, mfanyabiashara wa mjini, alifungua boneti, akaona injini ya dizeli ya Kijapani, akafurahi, akauliza inakula mafuta kiasi gani. Wa pili ni dalali, hutafuta magari ya kale kwa ajili ya wanunuzi wa ng'ambo. Huyo hakutaka hata iwashwe. Alitafuta namba ya chesisi, akaomba kadi, kisha akauliza injini yake ya asili iko wapi.

Iko nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Ni ile ya petroli ya sisi (cc) 2,286, iliyong'olewa zaidi ya miaka kumi iliyopita. Kwa swali lile moja ubishi umeanza gereji na haujaisha. Fundi anasema, "Mzee, ukirudisha petroli umeiua gari." Mzee mwenyewe anaona kama ameambiwa kuna hela zimelala uani kwake.

Tuanze na fundi, kwa sababu watu wa magari ya kale wana tabia ya kumdharau. Injini ile ya petroli ni ngumu na inarekebishika kwa spana chache, lakini inakunywa. Ukipata kilomita 6 au 7 kwa lita moja na mzigo nyuma, shukuru. Mpenzi wa Land Rover wa hapa kwetu hanunui pambo la kuegesha sebuleni. Anataka gari la kwenda nalo Loliondo na kurudi, na likiharibika Mto wa Mbu apate spea palepale. Na wateja wa namna hiyo si wachache: tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 lilizijaza barabara za mji huu magari hayo. Mteja huyu anakuja na fedha mkononi, analijaribu gari mwenyewe, na mkiafikiana jioni ameondoka nalo. Hakuna meli, hakuna wakala wa forodha, hakuna miezi miwili ya kutumiana picha.

Upande wa pili una hoja nzito pia, ila mara nyingi huelezwa vibaya. Husemwa tu kwamba "Wazungu wanapenda original," kana kwamba ni ugonjwa wao. Ukichunguza utakuta sheria zina mkono ndani yake. Marekani, gari lililotimiza miaka 25 huruhusiwa kuingia bila kutimiza viwango vyao vya usalama. Upande wa moshi, msamaha huanzia miaka 21, lakini kwa sharti kwamba gari liwe katika hali yake ya kiwandani. Ukiweka injini isiyolingana na ile ya awali, ambayo pia haijaidhinishwa huko, msamaha huo umeupoteza. Kwa umri, 109 ya mzee imepita kote kuwili. Kwa dizeli ile ya Kijapani, inakwama bandarini.

Uingereza mambo ni tofauti kabisa, na hapa ndipo neno "ng'ambo" linapotudanganya. Kwa miaka mingi, hadi ulipobadilishwa Agosti 2025, utaratibu wao wa kulinda usajili wa gari lililobadilishwa ulikuwa wa kuhesabu alama, na gari lilihitaji alama 8. Chesisi ilipewa 5. Springi, ekseli, gia boksi na usukani 2 kila kimoja. Injini 1 tu. Kwa hesabu hiyo uliweza kuweka injini nyingine na gari likabaki lilelile, ila ukiichezea chesisi, ukaikata na kuiunga upya kwa namna isiyo ya kiwandani, ulikuwa umejiharibia. Kwa hiyo kabla ya kukodi winchi ya kunyanyua injini, muulize dalali mteja wake anaishi nchi gani. Ajabu ni kwamba hakuna aliyeuliza.

Nikisikiliza kelele zote hizi za injini, naona mali halisi ya gari hili imesahaulika chini yake. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948, ilikuwa na bodi ya alumini kwa sababu baada ya vita chuma Uingereza kilikuwa cha mgawo. Bodi hiyo haishiki kutu nyekundu, ingawa inapogusana na chuma huliwa taratibu ikawa unga mweupe. Kinachokufa ni chesisi, na huko kwao huuawa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Gari lililoishi Dodoma au Monduli halijawahi kuionja chumvi hiyo. Chesisi ya zamani, kavu, isiyo na viraka vya kulehemu, ndiyo inayomfanya mtu wa Birmingham asumbuke kutafuta gari Afrika. (La Tanga ni habari nyingine, bahari haina huruma na chuma.) Mzee ameipaka chesisi yake rangi nyeusi nzito, inang'aa kama kiatu cha harusi. Mnunuzi mjuzi akiona hivyo anaingiwa na shaka: kuna nini kimefichwa humo? Bahati nzuri mwanawe alipiga picha kwa simu siku gari lilipovuliwa bodi. Kwa mtu anayenunua bila kuliona gari, picha hizo zina thamani kuliko rangi yote aliyoilipia.

Halafu kuna karatasi. Magari mengi ya rika hili yalikuwa ya serikali, mashirika ya umma au misheni, yakauzwa mnadani, yakapita mikononi mwa watu watatu wanne bila kadi kubadilishwa jina. Mwingine alichukua namba ya gari lililokufa akaihamishia kwenye lililo hai. Hapa tunacheka tu na kuendelea na safari. Kwingine hawacheki: Julai 2014 mamlaka za Marekani zilikamata Land Rover Defender zipatazo 40 mikononi mwa wenyewe, kwa tuhuma kwamba namba za utambulisho zilichezewa ili magari yaonekane ya zamani zaidi. Mengi yalirudishwa baadaye, lakini baada ya mawakili na miezi ya kesi. Dalali anayechungulia namba kabla ya kusikiliza injini anajua anachokiogopa.

Kwa maoni yangu, fundi ameshinda kwa mteja wa hapa, na dalali ameshinda kwa Marekani peke yake. Kurudisha petroli sasa ni kutumia fedha za uhakika kutafuta mteja wa kubahatisha, na gharama za kulifufua gari hili, ukihesabu na siku za mzee, hazitarudi zote kwa vyovyote. Ningeiuza na dizeli yake, niseme wazi kwamba imebadilishwa, na ile ya zamani niiweke kwenye bei kama sehemu ya gari. Anayeitaka aipachike mwenyewe. Ila kwanza turubai lifunuliwe, namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini isafishwe isomeke na kulinganishwa na kadi. Zikipishana, hata hoja ya Marekani inapungua nguvu.

Hilo lifanyike wiki hii. Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshapita pale mara mbili akiulizia kilicho chini ya turubai, na mara ya pili alikuja na mizani.